Mgeni Asiyepewa Jembe

Neno lililoniumbua lilikuwa moja tu: mazi.

Ilikuwa mwaka 2014, mjini Lewiston, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani. Niliitwa kwenye chumba cha daktari kutafsiri Kiswahili. Mgonjwa alikuwa bibi mmoja aliyejitanda mtandio wa rangi ya machungwa, na mjukuu wake wa kike ameketi kando. Faili lake lilisema lugha ni Kisomali, lakini mkalimani wa Kisomali alikuwa ameshindwana naye kwenye simu. Bibi alijibu neno mojamoja, kama mtu anayepapasa gizani kwenye nyumba isiyo yake. Mtu wa ofisini akakumbuka kwamba bibi ana Kiswahili kidogo alichookota kambini Kenya, ndipo nikapigiwa mimi.

Nikamwamkia shikamoo. Akanitazama, hakuitika. Akamgeukia mjukuu wake, akamnong'oneza amletee mazi.

Mimi ni mzaliwa wa Handeni, Tanzania. Bibi yangu mzaa mama ameishi na kuzikwa bila kuyaita maji kwa jina jingine ndani ya nyumba yake. Nikajikuta namsemesha yule bibi kwa Kizigua, Kizigua changu cha likizo za shule, cha kubahatisha. Akaweka kikombe chini. Akataka kujua kwetu ni wapi na watu wa kwetu ni kina nani. Daktari akabaki anatuangalia, ikabidi nimwombe radhi na kumweleza kwamba nimekutana na ndugu yangu.

(Mkalimani ana kiapo, kwa hiyo mambo madogomadogo ya watu ninaowasimulia hapa nimeyabadilisha. Maneno yao sikuyagusa.)

Miaka mitatu nilikuwa nimeishi mji mmoja na watu hao, nikiwaita "wale Wasomali", nikipishana nao Lisbon Street wakiwa na mizigo yao ya sokoni, na moyoni nikishukuru kwamba mimi si wao. Baada ya siku ile nikaanza kuuliza. Wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1830, Wazigua wengi walipakiwa majahazini na kwenda kuuzwa pwani ya Benadir, kusini mwa Somalia. Baadaye wakatoroka, wakakata nyika hadi bonde la mto Juba, wakiongozwa, kama wanavyosimulia wenyewe, na mwanamke mwenye kipawa cha kuona mambo aitwaye Wanankhucha. Huko wakalima vizazi na vizazi, wakidharauliwa kwa nywele na pua zao. Vita vya 1991 vikawafukuza hadi kambi ya Dadaab, Kenya, na wengine wakahamishiwa Kakuma. Mwaka 1999 Marekani ikakubali kuwapokea kwa maelfu. Wengine walirudi Tanzania wakapewa ardhi Chogo, kwetu kulekule Handeni. Watu wa njaa ya babu zangu walikuwa wamezunguka dunia hadi kwenye theluji, nami nawapita barabarani bila salamu.

Ningependa kusema kwamba nilijifunza siku hiyo. Sikujifunza. Ilichukua miaka mitano zaidi.

Mimi nilikuja kwa bahati nasibu ya visa, ile ambayo kila mwaka serikali ya Marekani ilikuwa ikitenga nafasi zisizozidi 55,000 kwa watu wa nchi ambazo hazijapeleka wahamiaji wengi kule. Nilijaza fomu kwenye duka la intaneti Tanga mjini, jina likatoka, nikapimwa kifua, nikahojiwa Dar es Salaam, nikalipa kila kilichotakiwa kulipwa. Nilipotua nilikuwa na karatasi zangu zote kwenye bahasha moja ya kaki, na bahasha hiyo ninayo hadi leo. Nikabeba boksi kama wote wanavyobeba: ghala la bidhaa usiku, kisha kozi ya kuuguza wazee, kisha ukalimani wa saa chache. Nilijihesabu mtu aliyeingia kwa mlango wa mbele.

Na Lewiston ni mji unaojua habari za milango. Ulijengwa kwa viwanda vya pamba kando ya mto Androscoggin, na waliovifanyia kazi walikuja kwa treni kutoka Quebec, Kanada, Wakatoliki wanaosema Kifaransa, wakarundikana kwenye mtaa ulioitwa Petit Canada. Viwanda vilipokufa, mji ukaanza kufa navyo. Majumba yakabaki matupu. Kuanzia 2001 Wasomali wakaanza kufika, wengi wakitoka majimbo mengine ya Marekani, kwa sababu kodi ilikuwa rahisi na mji mtulivu. Oktoba 2002 meya akawaandikia wazee wao barua ya wazi akiwasihi wawazuie wenzao wasiendelee kuja, kwa maana mji umeelemewa. Barua hiyo ikawaleta watu wa chuki kutoka nje, waliotaka kufanya mkutano mjini. Tarehe 11 Januari 2003 wakatokea watu thelathini na kitu. Upande wa pili wa mji, kwenye Chuo cha Bates, wakakusanyika watu kama 4,000 kuwaunga mkono Wasomali. Muuza duka mmoja wa Lisbon Street alinisimulia hayo wiki yangu ya kwanza, huku akinipimia mchele, na akasisitiza hiyo namba ya pili mara mbili.

Niliyojifunza mengi zaidi, hata hivyo, niliyapata kwenye nyumba ya kulelea wazee.

Nilikuwa na bibi mmoja wa chumba cha mwisho, karibu na mlango wa dharura. Wajukuu zake walimwita Mémère, na baada ya miezi kadhaa akaniruhusu nami nimwite hivyo. Jioni runinga yake ilikuwa kwenye habari, na habari za miaka ile zilikuwa ukuta, mpaka, misafara. Siku moja namwosha miguu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hawa watu wanakuja kulishwa tu."

Sikujibu. Nikaendelea kumkausha katikati ya vidole, maana hapo ndipo ngozi ya mzee huchanika ikiachwa na unyevu. Nilipomaliza kumvalisha soksi nikamuuliza wazazi wake walikuja lini.

Akaniambia mama yake aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na minne, na kwamba hadi anakufa alikuwa akizungumza kwa sauti ya juu mno, kwa sababu mashine za kufumia zilimharibu masikio. Akaniambia habari za shule. Mwaka 1919 Maine ilipitisha sheria ya kwamba shule za umma zifundishe kwa Kiingereza tu, na sheria hiyo ikadumu hadi miaka ya 1960. Mtoto akikamatwa anaongea Kifaransa uwanjani, anaandikishwa mistari daftari zima: sitazungumza Kifaransa shuleni. Yeye aliandika. Nje ya shule hali haikuwa bora. Katika miaka ya 1920 Ku Klux Klan, kundi la chuki la Wazungu, walikuwa na nguvu kubwa Maine, na waliowalenga hasa ni Wakatoliki hao waliotoka Kanada. Waliambiwa wanazaa mno, wanashusha mishahara, wanamtii Papa kuliko nchi. Mémère alikua akisikia wazazi wake wakiteta hayo usiku.

Nami nikamweleza kibao. Sekondari niliyosoma, aliyesikika akiongea Kiswahili alivishwa kibao cha mbao shingoni, akatembea nacho mpaka amnase mwenzake. Alinisikiliza, kisha akauliza: "Kilikuwa na uzito gani?"

Miaka yote ya maisha yangu hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia hakikuwa kizito, ila kamba yake ilikuwa ya katani, ilikuwa inawasha shingo. Akanyoosha mkono akanigusa hapa, chini ya sikio.

Siwezi kudanganya kwamba alibadilika. Kesho yake runinga ilikuwa kwenye kituo kilekile, na alipopiga kura alimpigia mtu wake. Lakini baada ya siku ile mimi sikuweza tena kuamini kwamba watu wenye hofu na wageni ni watu wasiojua lolote kuhusu ugeni. Wengi wanaujua sana. Wamerithi uchungu wake, ila simulizi yake imekatwa, pamoja na lugha iliyoibeba.

Sasa nifike kwenye kosa langu mwenyewe.

Juni 2019 mabasi yalianza kufika Portland, mji mkubwa wa Maine, chini ya saa moja kutoka kwetu, yakitokea San Antonio, Texas. Ndani yake kulikuwa na familia za waomba hifadhi, nyingi kutoka Kongo na Angola. Katika wiki chache walizidi watu 400. Mji ukafungua Expo, ukumbi wao wa mpira wa kikapu, wakapanga vitanda vya kukunja sakafuni. Mjadala ukawaka jimbo zima. Jumapili ile tulikuwa kwa Mtanzania mwenzetu, tunakula pilau, na runinga inaonyesha ukumbi ule. Mimi, mwenye bahasha yangu ya kaki, nikasema: "Sisi tulipanga foleni. Hawa wanaruka ukuta, halafu wanatuharibia jina."

Hakuna aliyenipinga. Tulikuwa watu kumi na wawili mezani, wote wahamiaji, na kila mmoja aliitikia kwa kichwa.

Wiki iliyofuata nikaombwa kwenda kusaidia kutafsiri. Nilikwenda, nadhani, ili nikawaone kwa macho. Walinikalisha na mama mmoja wa Uvira. Alikuwa ameondoka akiwa na watoto watatu, akapata ndege hadi Brazili, na kutoka huko akapanda kaskazini nchi baada ya nchi, akauvuka kwa miguu msitu wa Darién baina ya Kolombia na Panama, mdogo wa mwisho mgongoni. Nesi alipomwomba avue soksi, kucha za vidole gumba vyote viwili hazikuwepo. Alizitazama yeye mwenyewe kama za mtu mwingine. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili chao cha Kivu: "Dada, kazi inapatikana wapi? Mimi niko na mikono."

Nikatafsiri. Wakili wa kujitolea akaeleza, nami nikamweleza mama: kwanza ujaze maombi ya hifadhi, na usivuke mwaka mmoja tangu uingie. Ukishayapeleka, hesabu siku 150 ndipo uombe kibali cha kazi, na kwa sheria ya mwaka 1996 hakiwezi kutolewa kabla ya siku 180 kutimia.

Mama akanikazia macho. "Uliza tena."

Nikauliza tena, jibu likawa lile. Akadhani Kiingereza changu kina walakini, akaomba aletwe mtu mwingine. Mwingine akasema yaleyale kwa Kifaransa. Ndipo akauliza watakula nini miezi yote hiyo, akaambiwa mji utasaidia chakula na chumba. Akakaa kimya kidogo. "Lakini watatuchukia," akasema.

Sisi tuna methali ambayo kila mtoto anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimeitumia maisha yangu yote kumcheka mgeni mvivu. Pale Expo ndipo nilipoisikia upande wa pili, kwamba anayepaswa kutoa jembe ni mwenyeji. Yule mama alilala siku ya tatu, ya thelathini, ya mia moja, mikono mitupu kwa amri ya sheria, huku redioni watu wakipiga simu kuuliza kwa nini hawa watu hawafanyi kazi. Na Maine ndilo jimbo lenye watu wazee kuliko yote Marekani, vifo vinazidi uzazi. Nyumba yetu ya wazee ilikuwa na vitanda vitupu si kwa kukosa wagonjwa, bali kwa kukosa wa kuwageuza usiku. Nilitoka Expo nikaenda kufanya zamu mbili mfululizo, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunipokea.

Yule mama alipopata chumba nilimtembelea. Alikuwa amefungua boksi la nepi akalibandika ukutani, na juu yake amechora mistari kwa kalamu ya wino, mitano mitano kama anayehesabu magunia. Aliniambia asubuhi hapigi mswaki kabla ya kuchora mstari wa siku. Kibali kilipotoka alipata kazi ya kusafisha samaki, na baadaye akahamia jimbo jingine kwa ndugu zake. Tulipoteana. Nami sikuwahi kumwambia nilichosema kwenye pilau.

Nisiandike kana kwamba upande mmoja una haki yote. Jirani yangu wa chini ni dereva wa lori aliyeumia mgongo, baba wa watoto wawili, Mmarekani mweupe. Alikuwa kwenye orodha ya nyumba za ruzuku kwa miaka. Siku moja alinisimamisha kwenye ngazi akaniambia, bila kufoka, kwamba amesoma gazetini waomba hifadhi wamelipiwa hoteli. "Mimi nani atanilipia?" aliuliza. Nilitaka kumjibu kwa hoja. Nilikuwa nazo. Lakini kodi yangu mwenyewe ilikuwa imepanda mara mbili mfululizo, na nilijua watu wanapoongezeka na nyumba haziongezeki kinachotokea ni nini. Mtu huyu hakuwa na chuki. Alikuwa na orodha isiyosogea.

Mwaka 2016 Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilitoa ripoti nene juu ya jambo hili, na mtoto wangu mkubwa alinisaidia kusoma sehemu zake. Inasema kwa muda mrefu wahamiaji hawashushi sana mishahara ya wenyeji kwa ujumla, na wanaoumia zaidi ni wahamiaji waliotangulia na Wamarekani wasiomaliza sekondari. Inasema pia kizazi cha kwanza hugharimu majimbo na miji, hasa kwa kusomesha watoto, na watoto haohao wakikua huwa miongoni mwa wanaochangia hazina zaidi. Maana yake gharama inalipwa leo na mji kama Lewiston, faida inakuja baadaye, na mara nyingi inakwenda kwa wengine, penye ajira nzuri. Wanaotutetea kwa kusema hakuna gharama yoyote hawatusaidii, kwa sababu jirani yangu anaiona gharama kwa macho yake, na akishaona umemdanganya hapo hatakusikiliza tena kwingine.

Ila kuna maneno ambayo si hoja. Septemba 2024, kwenye mdahalo wa wagombea urais, ilisemwa mbele ya taifa zima kwamba wahamiaji wa Springfield, Ohio, wanakula mbwa na paka za watu. Walisingiziwa Wahaiti. Viongozi wa mji wenyewe walisema hapakuwa na ushahidi, na bado shule za huko zikaanza kupokea vitisho vya mabomu. Binti yangu wa mwisho alirudi nyumbani siku chache baadaye, akaweka begi chini, akaniuliza kama Handeni tulikuwa na paka. Nikamwambia tulikuwa naye, wa kukamata panya. Akauliza alikufaje. Nikaelewa anachouliza. Nilikaa naye sakafuni muda mrefu nikimsimulia yule paka, alikolala, alivyozeeka, mpaka aliporidhika.

Januari 2025 nilikuwa natafsiri kwa simu. Upande mmoja dada wa ofisi inayopokea wakimbizi, upande mwingine baba wa Kikongo, mtu wa Fizi, aliyetangulia Lewiston mwaka 2022. Kesi zao ziligawanywa kambini: yeye akapita, mkewe na watoto wawili wakabaki Nyarugusu, Kigoma. Wengi hawajui kwamba mkimbizi huja na deni la nauli ya ndege, na huyu lake alikuwa amelimaliza kwa kufanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Mkewe alikuwa amepimwa, amehojiwa, amepimwa tena. Tiketi zilikuwa za wiki hiyohiyo. Tarehe 20 Rais Trump alitia saini amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi, na siku mbili baadaye safari zikaanza kuondolewa kwenye orodha.

Nikamtafsiria kwamba safari imesitishwa.

"Imesitishwa," akauliza, "au imefutwa?"

Mkalimani hajibu kwa kichwa chake. Nikalipeleka swali kwa Kiingereza. Yule dada alinyamaza, nikamsikia akivuta pumzi, akasema hajui. Nikalirudisha kama lilivyo: anasema hajui.

Kukawa kimya, nikasikia mlango ukifunguliwa kwake, na hatua zake chumbani.

"Mwambie," akasema, "vitanda nimeshavitandika."

Nikamwambia.